Juu ya Jiwe la Kuhesabia

Jumatatu, 8 Julai

Barua! Barua ya ofisi, yenye mhuri! Imeletwa na mlinzi wa geti akiwa ameishika kwa ncha za vidole kama mkia wa panya. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Haikubadilika.

Inasema hivi: mwaka huu ndege wa rasini watahesabiwa na watu wawili, kila mtu peke yake, bila kuonyeshana daftari. Jumamosi Daktari wa Ndege atakuja kulinganisha namba. Ndege wanazidi kupungua, ofisi inataka kuwa na uhakika na macho yanayowatazama, na baada ya Jumamosi mmoja tu kati ya hao wawili ndiye atakayebaki kuwa Mhesabu.

Macho ya nani hasa? Hawakutaja. Wana adabu.

Miaka ishirini na sita nimewahesabu buabua wale! Ndege weupe wa bahari, kichwani wana kofia nyeusi kama wazee wanaokwenda kusuluhisha ndoa ya watu. Wanataga chini, juu ya mwamba mtupu, wamebanana kama watu kwenye foleni ya maji, na wanatukanana vivyo hivyo. Kila Julai, saa moja asubuhi, jiwe lile lile lenye alama nyekundu, namba moja inaingia daftarini. Madaftari yote yako kwenye rafu ya kibanda chetu, na ufunguo wa kibanda uko shingoni mwangu. Hata kuoga naoga nao. Niliishia darasa la tano, lakini wasomi wa nchi nne wanatumia namba zangu. Miaka hii tisa ya mwisho wanazitumia huku wakifuta machozi, maana ndege wamepungua theluthi nzima.

Na mhesabu wa pili ni nani? Shemeji! Kaka yake mke wangu, wa tumbo moja! Msoma mita za maji mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Mita. Katika kazi yake yote hakukadiria hata siku moja. Mbwa akilala juu ya mita, Mita alisimama kando mpaka mbwa aamke.

Vizuri sana. Damu inanichemka kama kijana. Vita!

Jumanne, 9 Julai

Mita amefika kibandani saa kumi na mbili na robo. Suruali imepigwa pasi hadi ule mstari ungeweza kukata mkate. Hakunisalimu vizuri, akaanza kusoma kanuni zilizobandikwa ukutani, karatasi ambayo mimi sijaisoma tangu ilipokuwa nyeupe. Anasoma kwa sauti! Simama juu ya jiwe. Hesabu ndege aliyekaa tu, maana huyo ndiye anayeatamia. Aliyesimama ni mpita njia. Rudia mara tatu, chukua namba ya katikati. Andika tarehe, saa, upepo, mawingu. Tia sahihi.

Nikamwambia shemeji, hiyo ni karatasi, siyo mita, hata ukiikodolea macho haipandi. Akajibu shemeji, ndiyo maana naiamini.

Tumepeana zamu. Leo yeye saa moja, mimi saa moja na nusu, kesho tunabadilishana. Mmoja akihesabu, mwenzake anajifungia kibandani asichungulie. Nilichungulia kidogo kwenye tundu la kitasa. Nikaona mgongo wake tu. Amesimama wima kama mlingoti wa bendera, hata kujikuna hajikuni. Nusu saa! Mtu mzima mwenye akili zake!

Mimi zamu yangu ilipofika nilitoa kigoda changu nyuma ya pipa la maji, nikakiweka juu ya jiwe, nikakaa zangu. Magoti ya miaka sabini na moja hayakuumbwa kwa ajili ya sayansi. Na kanuni sijaivunja. Kigoda kiko juu ya jiwe, mimi niko juu ya kigoda, kwa hiyo mimi niko juu ya jiwe. Hiyo hesabu hata darasa la tano tuliifanya.

Jozi 289. Mwaka jana walikuwa 297. Wanakwisha, maskini.

Jumatano, 10 Julai

Njama ya kwanza, na ni tamu!

Tuna vidude viwili vya chuma vya kuhesabia. Unaminya kwa dole gumba, tik, namba inapanda. Kimoja kizima. Kingine kina ugonjwa: kila ukiminya mara tatu, kinameza moja. Asubuhi, Mita akiwa msalani, nilitia kile kigonjwa kwenye mkoba wake na kile kizima nikakiacha mezani kiningoje. Nilifurahi hadi nikapiga mluzi, na mimi mluzi ulinitoka pamoja na meno ya mbele.

Saa moja nikapapasa mfuko wa koti, kidude kimo, nikaenda kuhesabu. Tik, tik, tik. Nikasoma. 193!

Nikarudia. 193! Jozi karibu mia moja zimekufa tangu jana! Nilizunguka ua wote wa rasi nikitafuta nyayo za paka. Nimepiga magoti kwenye kinyesi cha ndege. Buabua mmoja amenidonoa utosini, wengine watatu wamenipaka chokaa mabegani, nikarudi kibandani nikiwa kama ukuta unaosubiri rangi ya pili.

Mita akanipangusa kwa leso yake. Akasema shemeji, pole, halafu nilisahau kukwambia, asubuhi nimekuta kidude chako kwenye mkoba wangu, naona ulikosea, basi nikakurudishia kwenye mfuko wa koti. Mimi nitatumia hiki cha mezani, nisije nikakusumbua.

Uaminifu wa huyu mtu utaniua.

Jioni nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mke wangu amemtaja tena jirani yetu mshonaji. Miaka tisa hawasalimiani! Anasema siku ile mshonaji alikuja kuazima uzi, na kesho yake kigoda cha jikoni, kigoda alichorithi kwa mama yake, kikawa hakipo. Anasema siku akikiona atakijua hata kikipakwa rangi, kwa sababu mguu mmoja una alama ya moto. Anapika amechuchumaa, kiuno kinamuuma, na kila kiuno kinapouma anamlaani mshonaji.

Nilinywa chai. Nilitazama dari. Dari yetu ina mbao kumi na nne.

Alhamisi, 11 Julai

Leo nimehesabu kwa kidude kizima, tunapokezana na Mita. 290. Lakini hiyo si habari. Habari inakuja, shika kiti!

Nimemkaribisha Mita nyumbani kwa chakula cha mchana. Mke wangu alifurahi, akasema hatimaye naanza kumpenda ndugu yake. Mita alipotoka uani kunawa mikono, mimi tayari nilikuwa na mkoba wake mapajani. Daftari lina jalada la nailoni. Mwandiko kama bili. Nikafungua.

Jumanne 446. Jumatano 448. Alhamisi 447.

Nilikaribia kuanguka. Mia nne! Nikafunga, nikafungua tena, labda nimeshika juu chini. Mia nne! Kisha furaha ikanipanda kuanzia vidole vya miguu. Mwongo! Mita, mtu wa mistari ya pasi, mtu wa kusubiri mbwa, amepika namba! Buabua wanapungua, kila mtu anajua, chati iko ukutani, mstari unateremka kama mlevi kwenye ngazi. Hakuna mia nne pale! Anataka kumpa Daktari habari njema ili apewe ufunguo wangu!

Nilimpakulia chakula kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamwongezea. Nikamwambia kula shemeji, kula, una kazi kubwa. Mke wangu akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Ijumaa, 12 Julai

Njama ya pili. Barua isiyo na jina!

Nimeiandika baada ya chai, kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko usijulikane. Nimemweleza Daktari kwamba raia mwema amesikitishwa kugundua kuwa mhesabu mmoja, mwenye suruali ya pasi, anazidisha ndege kwa mia na hamsini, na kwamba yule mwingine, mzee mnyofu, mpole, mwenye sura nzuri, anaonewa. Nikaipitisha chini ya mlango wa chumba cha wageni cha ofisi, alikofikia Daktari jana usiku. Nikarudi nyumbani kwa njia ya mzunguko, nyuma ya kiwanda cha barafu, kama jasusi. Moyo unadunda, du, du, du. Sijafurahi hivi tangu niliposhinda kesi ya mbuzi.

Alasiri Daktari akaja kibandani. Mwanamke kijana, viatu vina tope, hucheka kabla hujamaliza kusema. Miaka yote namba zangu humfikia kwenye bahasha, leo ndiyo mara ya kwanza kukanyaga hapa msimu wa kuhesabu. Ananiita Mzee wangu. Nampenda, ila nampenda kwa mbali, kama polisi.

Mita alikuwa nje akifuta darubini. Daktari akasema Mzee wangu, nimepata barua kutoka kwa mtu asiyejulikana. Nikasema ala! Watu wana mambo! Akasema na huyu asiyejulikana ni mwangalifu kweli, maana juu ameandika tarehe, saa mbili na dakika kumi, upepo wa kusini usio mkali, mawingu robo ya anga. Nikakohoa. Na chini, akasema, ametia sahihi.

Miaka ishirini na sita! Mkono umezoea! Hata wa kushoto!

Nilitamani sakafu inimeze. Hakunigombeza. Alikunja barua, akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema kesho tutahesabu watatu, mimi, wewe na yeye, tutafungua madaftari pamoja mezani. Atakayeonekana namba zake haziaminiki atakabidhi ufunguo palepale.

Nimeushika ufunguo mpaka umepata joto. Sawa. Kesho tuone nani anapika na nani anapakua!

Jumamosi, 13 Julai

Niandike polepole.

Daktari alihesabu wa kwanza. Sisi wawili tukajifungia. Kisha Mita. Kisha zamu yangu. Nikapapasa mfuko: miwani nimeisahau nyumbani! Lakini Mhesabu hababaiki. Darubini ni miwani ya kutosha. Nikachomoa kigoda nyuma ya pipa, nikakaa, nikaanza. Nikafika 288, nikarudia, 288. Nikawa nimetulia, bahari inang'aa, najiona nimeshinda.

Nyuma yangu nikasikia ukelele ambao sijausikia tangu siku ya harusi ya binti yetu.

Mke wangu! Ameniletea miwani! Amepita geti, amepanda njia ya mawe, na alichokiona cha kwanza siyo mimi. Ni mguu wa kigoda. Wenye alama ya moto.

Kigoda changu! Ndivyo alivyopiga kelele. Kigoda cha mama yangu! Kumbe mwizi nalala naye kitanda kimoja! Akakishika mguu akavuta, na mimi nikiwa juu yake. Buabua wote wakaruka kwa pamoja, mbingu ikawa nyeupe, wanatutukana kwa lugha yao, wanatumwagia chokaa yao. Mita na Daktari wakatoka mbio kibandani. Mke wangu anawaambia wote, ndege na watu: miaka tisa! Miaka tisa sijamsalimia mwenzangu wa watu kwa ajili ya kigoda, na huyu mzee ananitazama tu, anakunywa chai!

Daktari akasema mama, samahani, umesema miaka mingapi?

Tisa! Mwaka ule binti yetu alipoolewa, mwezi huu huu wa saba!

Daktari akakitazama kigoda. Alituomba kwa mkono tusiseme neno. Tukarudi nyuma taratibu, tukasubiri robo saa nzima hadi ndege wakatua na kukaa. Halafu akaenda peke yake, akakaa kwenye kigoda. Kwenye kigoda changu! Akahesabu. Akasimama. Akahesabu. Akakaa tena. Alionekana kama mtu anayesali.

Aliporudi alituita mmoja mmoja tukaone. Katikati ya uwanja wanapotaga ndege kuna mgongo wa mwamba, mfupi, kimo cha ndoo. Ukisimama juu ya jiwe, unauona mgongo na kila kilicho nyuma yake. Ukikaa, unauona mgongo basi. Na nyuma ya mgongo? Jozi mia na hamsini na ushee! Wamestarehe! Wameatamia huko miaka yote, wamezaa, wamelea, wamegombana, na mimi huku nawaandikia tanzia.

Tukafungua madaftari mezani. Daktari 447. Mita 448. Mimi 288.

Daktari akaenda kwenye chati ukutani. Mstari umenyooka miaka kumi na saba. Mwaka wa harusi ya binti yetu, mstari unaanguka. Akaweka paji la uso wake kwenye chati. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, lakini machozi nayo yalikuwepo, nadhani vyote viwili. Alisema ameandika ripoti ya kurasa sitini. Amelaumu panya. Amelaumu joto la bahari. Amelaumu uhaba wa dagaa.

Nikasema panya watafurahi kusikia.

Hakuna aliyecheka. Nikajaribu tena. Nikasema ndege akikaa anahesabiwa, mimi nikikaa nafukuzwa, hii ni haki gani? Mke wangu akasema funga mdomo.

Basi nikavua ufunguo shingoni. Ulikuwa umenasa kwenye ukosi, nikahangaika nao, na hakuna aliyenisaidia wala kunizuia. Nikauweka mbele ya Mita. Shingo ikawa nyepesi vibaya. Nikatazama yale madaftari ishirini na sita, nikageuka kutazama dirisha ili watu wasinione. Dirisha lina vumbi. Lilinisumbua machoni.

Mita hakuugusa ufunguo. Alikohoa kile kikohozi chake cha mlangoni kwa watu, cha enzi za kusoma mita. Akasema Daktari, kwa ruhusa yako. Kazini kwetu kulikuwa na mita za aina mbili mbovu. Moja inakosea leo hivi, kesho vile, hiyo unaitupa. Nyingine inakosea sawasawa kila mwezi. Hiyo huitupi. Unaweka mita nzima kando yake, unajua inakosea kiasi gani, halafu unasahihisha bili zote za nyuma. Shemeji, akasema, miaka tisa amekaa jiwe lile lile, kigoda kile kile, saa ile ile. Hajasogea hata inchi. Huyu ni mita ya pili.

Daktari akainua kichwa. Akamtazama Mita. Akanitazama mimi, kuanzia magotini hadi utosini, kama fundi anayepima mlango.

Ameniita mita mbovu! Mbele ya mke wangu!

Jumapili, 14 Julai

Uamuzi umetoka! Nimebaki!

Daktari amesema miaka tisa ya namba haiwezi kutupwa. Itasahihishwa. Kwa misimu mitatu mfululizo watu wawili watahesabu, mmoja amesimama na mwingine amekaa, hadi ijulikane kukaa kunaficha ndege wangapi. Anayesimama ni Mita. Anayekaa ni mimi, na hawezi kuwa mwingine, kwa sababu ni lazima macho yawe kimo kile kile cha siku zote. Amenipima kwa futi ya kamba nikiwa nimekaa. Ameandika. Mimi sasa ni kipimo cha kisayansi!

Ufunguo umechongwa wa pili. Mita ana wake. Ameutia kwenye mnyororo na kuukagua mara mbili.

Kigoda nacho kimechukuliwa na ofisi. Kimepigwa chapa mguuni, karibu na ile alama ya moto: KIFAA NAMBA 7, KISIHAMISHWE. Mke wangu alidai chake. Daktari alimwomba kwa heshima zote, akamwambia mama, kigoda hiki kimewaua ndege zaidi ya mia na sasa kitawafufua. Amemwahidi kipya. Mke wangu amekubali, lakini jana na leo amenipikia akiwa amechuchumaa mbele yangu makusudi, na kila mara anasema aah, kiuno.

Mita nimemshukuru. Nimemwambia shemeji, ahsante, ingawa ungeweza kunitetea mapema, kabla sijavua ufunguo. Akasema hakuna taabu, shemeji. Hajui kukasirika. Ni ugonjwa.

Jumatano, 17 Julai

Mke wangu na mshonaji wamepatana! Juzi alikwenda kumwomba radhi, na tangu hapo hawaachani. Wanakaa barazani kutwa, wana maneno ya miaka tisa ya kumaliza, na yote yananihusu mimi. Nikipita wananyamaza. Nikishapita wanacheka. Nilikuwa na amani zaidi walipokuwa maadui.

Lakini sijali. Nina wazo! Wazo kubwa! Limenijia nikiwa kibandani, nimekaa kwenye Kifaa Namba 7, nawatazama buabua.

Misimu mitatu itakwisha. Halafu? Daktari atakuwa ameshajua kukaa kunaficha ndege wangapi, na mimi sitahitajika tena. Atabaki Mita peke yake, wima, na pasi yake. Sasa nauliza, kama kukaa kumenipa misimu mitatu, kulala kutanipa mingapi? Mhesabu akilala chali juu ya jiwe, kichwa amekiinua kidogo tu, ataona ndege wangapi? Nani anajua? Hakuna! Sayansi haijui! Itabidi nao walinganishe! Nianze taratibu mwakani, kimya kimya, nisiseme kitu, miaka tisa mingine ipite, mstari ukianguka ukutani ndipo waje wanipime tena.

Ila jiwe ni gumu. Panahitajika kitu chembamba, laini, kinachokunjika. Kama lile godoro la wageni, linalokaa juu ya kabati.

Lililokuwa likikaa juu ya kabati.

Mke wangu amesimama mlangoni sasa hivi, mikono kiunoni, anauliza godoro liko wapi. Nimemwambia sijui. Ila asubuhi, nimemwambia, kama sikuona vibaya, nilimwona mshonaji akipita na kitu kirefu begani.